Mwalimu Abdulkarimu, Mpimaji wa Filamu Ambazo Hazijarekodiwa

Ndugu mhitimu, nakuomba sana: haya yabaki kwako, neno kwa neno. Usiyasome kwa sauti mbele za watu, usiyapige picha, usiyatume kwenye kundi la WhatsApp. Wasifu utakaosomwa ukumbini ni mwingine. Huo una sifa tupu, nao nimeuchapa mimi kama nilivyoagizwa.

Mwalimu Abdulkarimu Masoudi anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba, baada ya miaka kumi na tisa ya kufundisha mbinu za utafiti katika chuo chetu cha filamu na televisheni hapa Nachingwea. Katika muda wote huo hakuwahi kushika kamera, na alijivunia hilo. Alisema kamera humchanganya mtafiti akili, na wanafunzi waliokuja kujifunza kamera wakainakili kauli hiyo kwa ajili ya mtihani.

Mchango wake mkubwa ni dodoso. Kabla ya kuruhusiwa kurekodi chochote, kila mwanafunzi alipaswa kuwauliza watu hamsini wameridhika kiasi gani na filamu yake. Ndiyo, filamu ambayo haijarekodiwa. Mwaka juzi Swalehe, wa mwaka wa pili, alikwenda nalo kijiji cha Marambo, akamkuta Bibi Mwanaima anabangua korosho.

"Filamu yenyewe iko wapi, mjukuu wangu?"

"Bado sijaitengeneza, bibi."

"Basi andika nimeipenda sana. Ukishaitengeneza usije kuniuliza tena."

Swalehe aliandika. Mwalimu aliusifu utafiti huo mbele ya darasa zima, kwa kuwa karibu wahojiwa wote waliridhika. Filamu haijatengenezwa mpaka leo. Muda wake wa kutumia kamera uliishia kwenye kuchora majedwali ya majibu.

Hajira Lukumani, wa mwaka wa mwisho, alitaka njia nyingine. Alikwenda Chunyu, Ruangwa, akawarekodi wanawake wakipepeta ufuta. Akahariri, kisha akarudi na kompyuta kuwaonyesha na kuwauliza amekosea wapi. Walicheka mpaka wakakaa chini.

"Mbona umetukata kabla upepo haujaja?" alisema Saada, mwenye shamba. "Nani anapepeta bila upepo? Umetufanya vichaa, dada!"

Hajira alikuwa ameondoa sehemu za kusubiri upepo, akiona zinachosha. Akazirudisha. Akawaonyesha tena, wakamrekebisha tena, naye akaeleza kwa maandishi kila badiliko na aliyelisababisha. Sasa filamu ni ya kusubiri: wanawake wamekaa na nyungo zao, wanataniana kuhusu waume, mara majani yanatikisika na wote wanainuka bila kuambiana. Ukiitazama unajua jambo ambalo dodoso lisingeuliza, maana Hajira mwenyewe hakujua kwamba lipo.

Mwalimu akampa sifuri.

"Umewaacha wahojiwa waharibu data," alimwambia koridoni, ofisi nzima ikisikia. "Dodoso liko wapi?"

"Mwalimu, niliwaonyesha kazi yenyewe."

"Huo ni uungwana, binti, si utafiti."

Sifuri hiyo ikithibitishwa, Hajira anarudia mwaka, na kwao wameshamwambia mwaka wa kurudia haupo. Kamati ya taaluma inakaa Jumatano, siku mbili kabla ya sherehe ya kumuaga Mwalimu. Imekubali kuwasikiliza wahitimu waliowahi kutengeneza filamu kwa njia kama yake, waeleze njia hiyo iliwafundisha nini. Wapo, nawafahamu, walifanya hivyo kwa siri, kisha wakajaza dodoso la uongo ili wafaulu. Mpaka leo hajajitokeza hata mmoja. Wote wamechangia keki.

Kwako, Mwalimu, ingawa hutayasoma haya: asante kwa miaka uliyotupa, na asante zaidi kwa ile uliyobaki nayo. Tunakuombea afya, mikorosho inayozaa, na wageni wengi watakaokuuliza umeridhika kiasi gani na kustaafu kabla hujakuanza.

Nawe mhitimu, ukiwa tayari kusema mbele ya kamati, usipige simu ofisini. Simu ya ofisi iko mezani kwa Mwalimu. Njoo Jumanne baada ya swala ya alasiri, kwenye kibanda cha kutoa nakala mkabala na stendi. Nitakuwa pale natoa nakala za ratiba ya sherehe. Usiniite jina. Niambie tu ulitengeneza filamu gani na ulimwonyesha nani kwanza, nami nitakupeleka kwa Hajira.