Fundi Vioo na Mkutano wa Tatu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi vioo. Wengi mlimjua kwa jina la utani, Taratibu. Alikata vioo vya madirisha kwa miaka thelathini. Amefariki Jumanne iliyopita kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka hamsini na minane. Na nawaomba mshike hili: amefariki akiwa na miaka kumi na mmoja bila kugusa pombe. Kumi na mmoja.

Jina la Taratibu lilitokana na ulimi wake. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Mkewe anacheka akikumbuka: "Siku ya kunichumbia alichukua robo saa. Mimi nilishakubali zamani, nikamwacha tu amalize."

Pombe ilimjia kama rafiki. Glasi mbili, ulimi unalainika. Glasi tano, anachekesha baa nzima. Miaka ikapita, rafiki akageuka bwana. Asubuhi mikono ilitetemeka mpaka apate kidogo cha kuituliza. Na kioo, wasikilizaji, hakina huruma na mkono unaotetemeka.

Siku moja alijikata kiganja nyumbani, akipima kioo mezani. Binti yake alikuwa na miaka tisa. Hakupiga kelele. Alileta maji na kitambaa safi, akaosha jeraha, akafunga, akarudi kwenye daftari lake. Alikuwa keshazoea.

"Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni," anasema mkewe. "Aliniambia, mama watoto, n-nitafutie watu wa kunisaidia."

Wakaanza kutafuta. Mkutano wa kwanza wa watu wanaoacha pombe ulikuwa ukumbini, watu arobaini, mwenyekiti na saa mkononi. Kila mtu dakika tatu. Taratibu alisimama. "Na-na-na..." Mmoja akamsaidia: "Naitwa?" Mwingine: "Nakunywa?" Hawakuwa na nia mbaya. Lakini dakika tatu zikaisha, naye hajamaliza neno la kwanza. Alitoka pale moja kwa moja hadi baa.

Mkewe alimkuta huko. Hakumgombeza. Akamwambia, "Kilichokushinda ni mkutano ule. Kuacha hujajaribu bado."

Wa pili ulikuwa jirani, tena wenye ukarimu. Tatizo, baa ilikuwa ng'ambo ya barabara. Mkewe anasimulia: "Mkutano uliisha saa kumi na moja. Saa kumi na moja na robo nusu yao walikuwa wameshavuka, na wangu akiwa mbele kama kiongozi wa msafara!"

Wa tatu walielekezwa na karani wa zahanati. Jumamosi, saa nne asubuhi, chumba cha kupigia pasi mashuka hapo zahanati. Watu sita, wamekaa duara. Aliyewaongoza ni muuguzi mstaafu, mama mmoja mfupi, ambaye naye aliwahi kuwa mlevi. Kwanza aliitazama mikono ya Taratibu, akampeleka kwa daktari. "Baba, wewe usiache ghafla peke yako. Mwili unaweza kukugeuka." Daktari akamsimamia siku zile ngumu. Jumamosi iliyofuata akarudi kwenye duara.

Zamu yake ilipofika, akaulizia saa. Muuguzi akajibu, "Hapa hatupimi saa. Neno likichelewa, tutalisubiri."

Sisi watangazaji tunakiogopa kimya. Sekunde tano tu, jasho linatutoka. Watu wale sita walikaa na kimya cha Taratibu, na hakuna aliyemmalizia neno. Mkewe alikuwa nje kwenye benchi. Mumewe alipotoka, uso ulikuwa umelowa.

"Nimesema."

"Umesema nini?"

"Y-yote."

Mkewe anasema mumewe alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa miaka.

Tusidanganyane, haikuwa mteremko. Mwezi wa nne tangu aache aliteleza, akanywa siku mbili. Jumamosi akasimama mlangoni, anaona haya kuingia. Muuguzi hakuinua hata kichwa. "Ingia, baba. Kiti chako hakijakaliwa." Akaingia. Tangu siku ile hakunywa tena, miaka kumi na mmoja. Kigugumizi hakikupona. Aliacha tu kukikimbia.

Binti yule sasa ana miaka ishirini, anasomea maabara. Jana nilimpigia simu kumpa pole. Nayaleta maneno yake kama alivyoyasema: "Nalia, shangazi wa redio, siwezi kukuficha. Lakini moyo wangu una nafuu. Nilipokuwa mdogo niliogopa baba atakufa kabla sijamjua. Sasa amekufa, na namjua vizuri kabisa."

Kwa mjane, kwa binti, na kwa wale wa duara la Jumamosi: poleni sana. Mungu awape subira, naye ampumzishe fundi wetu kwa amani.

Na wewe unayenisikiliza, labda mikono yako inatetemeka hivi sasa. Labda uliingia kwenye mkutano mmoja, ukatoka umevunjika moyo, ukasema mambo haya si yangu. Taratibu alishindwa wa kwanza. Akashindwa wa pili. Angeishia hapo, leo binti yake angekuwa anamlilia mtu asiyemjua. Uliza tena. Uliza zahanati, uliza jirani, uliza mtu aliyeacha. Tafuta watu watakaokusubiri umalize kusema.