Njia ya Pwani Ipitayo Uani Kwetu

Sogeeni, wanangu, sogeeni hapa kitandani, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na nna jambo ambalo sitaki mje kuambiana baadaye kwamba hamkulisikia. Mwanasaumu, mama, niinulie mto kidogo. Wewe Jafar kaa upande huu, karibu na dada yako, usisimame kule dirishani kama mgeni. Najua hamsemezani tangu nguzo zile zilipochimbiwa uani. Mimi nimelala tu, sikufa. Nasikia mnavyopishana ukumbini bila hata salamu, na kuwasikia huko kumenichosha kuliko maradhi yenyewe.

Sikizani basi. Nyumba hii ya Jomvu Kuu na kiwanja chake mpaka kwenye mikoko, sina la kusema juu ya mgawo wake, Mungu keshagawa, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja, na mimi ni nani hata nimkosoe? Mwanasaumu, usinung'unike, Jafar, usijitape. Vyombo vya marehemu mama yenu, alivyompa Mwanasaumu kwa mkono wake mwenyewe akiwa hai, visiguswe. Hayo yamekwisha. Lililonifanya nikuiteni ni njia.

Njia hii ipitayo uani kwetu kwenda pwani sikuitengeneza mimi, wala baba yangu; tumezaliwa tumeikuta. Watu wa mtaa wakenda kuoga, wakenda kuvua, hupita papa hapa kati ya jiko na kisima. Na ina adabu zake: mtu akifika pembeni mwa ukuta hukohoa, akapiga hodi, akaambiwa pita, kisha akapita macho chini asiwatazame wanawake walioko jikoni. Hodi ya njia si hodi ya mlango. Haombi kuingia, yuwajulisha tu kwamba yuwapita.

Hata Mwarandu hupita. Mwajua wenyewe jinsi mimi naye tulivyogombana kwa ajili ya mbuzi wake na mihogo yangu, tukatupiana maneno ambayo wazee walishindwa kuyafuta, na tangu siku ile hakuna aliyemwalika mwenziwe harusini. Lakini kila kukicha akenda kutega kaa hupiga hodi, nami humwambia pita. Ni neno hilo tu lililobaki kati yetu, na kwa sababu ya neno hilo hatujawa maadui. Siku mama yenu alipoanguka jikoni, wewe Jafar ulikuwa Kanada, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni Mwarandu aliyekuwa akipita, akatupa kapu lake la kaa, akawaita wanawe wakambeba mama yenu mpaka barabarani, wakamlaza garini, kisha yeye akarudi kuokota kaa wake, wala hakunisemesha. Hasira zake ni zake. Njia ilikuwa yetu sote.

Ngoja nivute pumzi.

Sasa niseme la Kanada, kwa maana huko ndiko maneno haya yalikotoka. Jafar, ulinitumia tiketi nikaja kukuona, na ukanitunza wallahi, sikukosa kitu. Ukanichukua kwenye kile kimji kidogo kando ya ziwa, ati nipumzike, wakati wa joto lao, joto ambalo mimi nililivalia sweta. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Niliona ziwa lililotulia kama maji ya kwenye karai, na nyumba za mbao kulizunguka pande zote, nzuri, zimepakwa rangi, kila moja na gati lake na kiti chake cha kuegemea, na katika viti vile sikuona mtu. Jua lenyewe halitui, magharibi unaingoja mpaka usingizi ukushike.

Alasiri moja wewe ulikwenda dukani, nami nikasema maji haya yako karibu, niende nikatawadhe. Nikaona uwanja wa nyasi unaoteremka mpaka majini. Nikafanya kama tufanyavyo sote: nikasimama pembeni mwa nyumba, nikakohoa, nikapiga hodi, nikapita macho chini, nikijua wenyewe wamenisikia. Nikakaa kwenye gati, nikaosha uso, nikaosha mikono, na nilipokuwa naosha mguu akatoka jirani na simu yake sikioni, akinitazama kama anionaye mwizi. Haukupita muda likaja gari la polisi. Askari mwenyewe binti kijana, mpole, sina la kumlaumu, akaninyooshea mkono nisije nikateleza. Nawe ukaja mbio, Jafar, na uso wako nauona mpaka leo, uliniona haya mimi baba yako, mguu mmoja umelowa na mwingine mkavu.

Nikakuuliza, kwani wenyewe wako wapi? Ukaniambia hawako, huja siku chache kwa mwaka. Na maji je, nayo ni yao? Ukasema, "La, Baba, ziwa ni la watu wote, ila pa kulifikia ndipo penye wenyewe." Maneno hayo nimerudi nayo, nimelala nayo, nimeugua nayo.

Kesho yake bibi kizee mmoja auzaye mikate pale kimjini, aliyekwisha kusikia habari zetu, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akasema yeye amezaliwa pale, utotoni walikuwa wakiogelea popote wapendapo, leo hulitazama ziwa kupitia kipenyo kati ya nyumba mbili, akiwa njiani kwenda kazini. Mimi kizungu sikijui. Wewe ndiwe uliyenitafsiria. Maneno yale yalipita kinywani mwako, mwanangu, kabla hayajafika masikioni mwangu, nami nikadhani yamekuingia kama yalivyoniingia.

Kumbe mimi nilimtazama bibi, wewe ulitazama nyumba. Umerudi ukasema tujenge vijumba vya wageni huku kwenye mikoko, tuweke waya, tuweke lango, lango liwe na kufuli. Sikuiti mbaya. Mambo yako umeyafanya kwa akili, na dada yako asikutukane kwa kutaka kujenga. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofunzwa. Lakini mgeni wako akija na Mwarandu akazunguka mpaka daraja la mbali kutafuta maji aliyozaliwa akiyaona, ni mwenyeji gani aliyepona hapo?

Maji, Mwanasaumu. Kidogo tu. Basi.

Katika theluthi ya mali yangu niliyoruhusiwa kuisemea, njia ile naiweka wakfu, kutoka barabarani mpaka majini, isiuzwe, isirithiwe, isifungwe. Upana wake uwe wa kupita jeneza na watu wanaopokezana kulichukua bila kugusana na ukuta. Kulia kwake jenga, kushoto kwake jenga, Mungu akubarikie. Wazee wawili hawa wa msikitini waliokaa miguuni pangu wamenisikia, nao ndio mashahidi. Lakini sijidanganyi. Wazee nao hufa, na ufunguo wa lango utakuwa mfukoni mwako wewe.

Nikifa mnizike mapema, msingoje jamaa wa mbali, chakula kisiwe cha kujionyesha. Mwarandu apelekewe habari na mmoja wenu, kwa miguu, si kwa simu. Akija, asiambiwe neno juu ya mbuzi.

Nimechoka sasa. Nimechoka sana, wanangu.

Jafar, sijakuuliza utafanyaje, na usinijibu. Wazee wengine huzifunga radhi zao kwenye jambo, mtoto akitii humpa, akikaidi humnyima, ikawa kama sokoni. Mimi siuzi. Nimekuwia radhi leo hii, nguzo zikiwa zimesimama, kwa kila ulichonifanyia na kila ulichoniudhi, na siirudishi. Ukizing'oa, unayo. Ukizifunga waya, unayo vilevile, na utaishi nayo ndani ya lango lako, ujue nilikupa nikiwa najua. Na wewe mama, Mwanasaumu, nimekuwia radhi, uliyeniosha na kunilisha... usimhukumu kaka yako mbele za watu. Mungu awape umri, awape watoto watakaowapenda, awafungulie kheri.

Leteni mikono. Hapa, kifuani. Wa Jafar chini, wa dada yake juu... Subhanallah, mbona mikono yenu ndiyo ya baridi, na anayekufa ni mimi? Shikaneni. Hivyo hivyo. Nami nikinyamaza... msiachiane.