Bwana Mwenyewe Anakabidhi Funguo

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, mshauri wetu wa wanafunzi wenye ulemavu atakabidhi funguo baada ya kuitumikia shule hii miaka thelathini na miwili. Kazi yake ilikuwa moja: kuwaandaa vijana waende chuo, na wakifika huko wasirudishwe getini. Walimu walipoombwa waandike habari zake, wote walisema wana mitihani ya kusahihisha. Basi ameandika mpishi wa shule, mimi, niliyeishia darasa la nne. Mtakachokuta kimepinda, kinyoosheni wenyewe.

Alianza bila chumba. Alipewa stoo ya viti vibovu mwisho wa korido. Akavitengeneza viti, akaweka meza, akabandika mlangoni karatasi ya maandishi makubwa na nyingine ya nukta nundu kwa wasioona. Mtoto akiingia kuomba ajaziwe fomu, alimsogezea kalamu na kusema, "Mwenyewe." Akiomba apigiwe simu chuoni, "Mwenyewe." Ndipo vijana wakambandika jina la Bwana Mwenyewe, na hata mkuu wa shule humwita hivyo akisahau kuwa yuko kikaoni. Wazazi wengine walimwona hana huruma. Mimi pia, nisijitie utakatifu.

Mfukoni alitembea na futi ya fundi. Kila chuo alichokwenda alipima milango, ngazi, na hasa vyoo, kwa sababu, alisema, hakuna anayesoma akiwa amebanwa. Siku moja alikuwa anapima mlango wa ofisi ya mkuu wa chuo fulani, mkuu akadhani ndiye seremala aliyemwita tangu wiki iliyopita, akamwonyesha kabati lililong'oka bawaba. Bwana Mwenyewe hakubisha. Alilitengeneza kabati, akanywa chai aliyokaribishwa, halafu akasema ujira wake ni njia ya mteremko pale mlango wa maktaba. Mteremko upo hadi leo, na nimeupanda kwa magoti yangu haya mabovu.

Vijana sitini na watatu wamepita mikononi mwake wakaingia vyuoni. Yuko asiyesikia ambaye sasa ni mfamasia, na yuko asiyeona anayefundisha historia, mdomo wake haufungi. Mazoezi yao yalifanyika jikoni kwangu. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana aliniketisha nyuma ya meza ya kukatia mboga, niwe karani wa chuo, tena karani mkorofi. Kijana anakuja, anajitambulisha, anaeleza anachohitaji: muda wa nyongeza kwenye mtihani, mkalimani wa lugha ya alama, chumba cha ghorofa ya chini. Mimi namwambia, "Rudi kesho." Au, "Kwani huna mtu wa kukusemea?" Hapo anatakiwa ashikilie lake, bila kulia na bila kutukana. Wengi walilia wiki ya kwanza. Wiki ya sita walikuwa wananijibu mpaka naishiwa maneno, na mimi kuishiwa maneno si jambo dogo.

Sasa niseme la aibu, maana bila hilo hamtamjua mtu huyu. Mwaka huu zamu ilikuwa ya mjukuu wangu, mwenye mtindio wa ubongo. Akili yake wembe. Maneno ndiyo hutoka polepole, moja moja. Anataka kusomea ukutubi, kazi ya maktaba, mahali ambapo watu hutakiwa kunyamaza, na nyumbani kwetu asiyejua kunyamaza ni mimi. Nilimsindikiza kwenye usaili. Ofisa akamuuliza jina, naye akaanza kulivuta. Mimi huyu, karani mkorofi wa miaka yote, nikalisema. Swali la pili nikajibu. La tatu pia. Ofisa akaandika kwenye fomu kwamba mwombaji hawezi kujieleza, na chuo hakiwezi kumpokea. Njia nzima mtoto alinipa kisogo.

Bwana Mwenyewe alikuwa ameshaanza likizo ya kustaafu. Alikuja siku ya pili yake, amevaa kandambili. Hakunifokea, bora angenifokea. Alimpa mtoto karatasi, akamwambia aombe kusikilizwa upya, kwa maneno yake. Mistari kumi na mmoja ilichukua siku mbili, na orodha ya chuo ilikuwa inafungwa Ijumaa. Nikamwambia, "Mwalimu, andika wewe, muda unakwisha." Akanijibu, "Bibi, umeshamsaidia vya kutosha."

Jumatano wakamwita. Aliingia peke yake. Sisi wawili tulikaa kwenye benchi la korido, nami nina bakuli la maharage mapajani, kwa sababu Bwana Mwenyewe aliniamuru nije na kitu cha kuchambua. Dakika arobaini. Sauti ya mtoto ilisikika mlangoni, inakatika, inaendelea. Kila ilipokatika niliinuka, na kila nilipoinuka alininyooshea kidole kwenye maharage. Yeye naye, msidhani alitulia, alikuwa ameshalipima lile benchi mara tatu.

Mlango ulipofunguliwa, ofisa alitoka naye huku anacheka. Alikuwa amemuuliza kwa nini mara ya kwanza hakujibu, na mtoto akamwambia, "Nilikuwa namsubiri bibi amalize."

Amepokelewa. Barua imefika Jumanne hii. Bwana Mwenyewe aliisoma mara mbili, akavuta kiti, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia, akasema sasa anaweza kwenda nyumbani.

Basi nenda, Mwalimu wetu. Kwa wale sitini na watatu, na huyu wa sitini na nne, shule nzima inakushukuru. Ulale mchana bila kuamshwa, ule kwa nafasi, afya ikukae, na siku zako ziwe nyepesi. Yapo mengine ningeweza kuyasema, lakini vijana wako watakuwepo siku ya kukuaga na kila mmoja ana la kwake. Ngoja ninyamaze, waseme.