Mboga Zililetwa Mlangoni, Presha Ikapanda

Wapendwa, nawasalimu katika jina la Yule aliyenijalia kupanda mlima huu leo kwa miguu yangu mwenyewe, nikafika kabla wimbo wa kufungua haujaisha. Kiongozi ameniomba niwaeleze habari za presha yangu, na ameniomba pia nisirefushe. Ndugu zangu, mnanijua. Nitajaribu.

Wengi wenu mnajua kwamba nilianguka shambani, katika chai. Ilikuwa asubuhi, nachuma kama kawaida, kikapu mgongoni, kichwa kikaanza kuniuma upande wa kisogo. Nikasema ni jua. Kilichofuata sikijui, ila nilipofumbua macho niliona matawi ya chai juu yangu, nikasikia jirani yangu, yule mama tuliyeolewa pamoja katika ukoo huu tukiwa wasichana, akiita watu. Walinibeba mpaka barabarani. Hospitalini mjini Kisii daktari alinipima mkono mmoja, akaitazama mashine, akanipima mkono wa pili. Akaniambia nishukuru kwamba mdomo haujapinda na vidole bado vinashika.

Mwanangu wa kwanza alifika kutoka Nairobi siku hiyo hiyo. Ni mtoto mwema. Nasema hivyo mapema kwa sababu nitakayoeleza yanaweza kuwafanya mumwone vibaya. Alimwona baba yake akiondoka kwa ugonjwa huu huu, na aliponikuta kitandani aliogopa. Mtu mwenye hofu hukaza mkono.

Sasa, shamba letu ni chai mpaka ukuta wa jiko. Marehemu mume wangu hakuacha hata tuta moja la sukumawiki. Mboga zetu ni za kununua, na kwenda sokoni ni kuteremka bonde na kulipanda tena, jambo ambalo daktari alikuwa amelikataza. Basi mke wa mwanangu akatafuta kwenye simu, akapata kikundi cha akina mama huko Magwagwa wanaofungasha vyakula kwa ajili ya watu wenye presha na sukari. Unaagiza kwa simu, wanakuletea kwa pikipiki: managu na chinsaga, zile mboga zetu chungu za majani, maharagwe, viazi vitamu, parachichi, malimau. Jumatatu na Alhamisi nilisikia muungurumo ukipanda, na mwenye pikipiki, mwanamume mwenye wajukuu, akishusha mzigo hakukosa neno.

"Omong'ina, mama yetu, kwa majani haya tutakusikia ukilia kama mbuzi."

Nami namwambia mbuzi hana presha, ashushe tu.

Chakula kilikuwa kizuri, sitakisema vibaya. Lakini pamoja nacho zilikuja amri. Mwanangu aliondoa chumvi yote nyumbani, na vile vidonge vya kukolezea mchuzi, akavitoa nje mwenyewe. Akanikataza kula katika nyumba ya mtu yeyote. Nanyi mnajua kwetu, kukataa chakula cha mtu ni sawa na kuukataa mkono wake. Nikaona heri nisiende kabisa. Matanga sikwenda. Arusi sikwenda. Jioni simu ilipigwa kutoka Nairobi kuniuliza nimekula nini, nami nikajibu kama mwanafunzi.

Nikaenda kliniki ya kwanza nikiwa na furaha, nikijua presha imeshuka. Ilikuwa imepanda.

Muuguzi aliniuliza kama kweli nimeacha chumvi. Nikasema nimeacha. Akaniuliza kama nameza dawa. Nikamtolea pakiti akaziona. Basi alinitazama kwa upole, ndugu zangu, upole wa mtu ambaye hakuamini na hataki kukuaibisha.

Mwanangu naye hakuamini. Alisema kuna mtu ananilisha. Nilipokana, akampigia simu jirani yangu, yule yule aliyeniokota. Sijui alimwambia nini. Ninachojua ni kwamba mama huyo aliacha kuja kwangu. Tulikuwa tumeombana moto na maji maisha yetu yote, na sasa nikiona kitambaa chake cha kichwa kati ya michai, nikimwita, kinageukia upande wa pili. Kisha mwanangu akaniambia kwa sauti ya chini, bila ukali, "Mama, kliniki ijayo nitakuja na gari. Isiposhuka, tunaenda kuishi pamoja Nairobi."

Nawaambia ukweli, nyumba yangu ilikuwa kama chumba cha kungojea. Nilikaa mlangoni, chini chai, juu chai, kijani kibichi mpaka macho yachoke, na mimi katikati kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Nikienda Nairobi, kaburi la mume wangu nitamwachia nani? Na darasa langu la watoto la Sabato? Mzee akihamishwa harudi, hurudishwa. Na nikikataa kwenda, kisha nikaanguka peke yangu, nitakuwa nimemwachia mwanangu lawama ya kubeba mpaka uzee wake. Kila mlango niliosukuma ulikuwa umeshikiliwa upande wa pili na mtu anayenipenda. Adui ungemkemea. Hawa utawakemeaje?

Nikasema labda sijala mboga za kutosha. Nikaongeza. Sufuria ikawa kubwa zaidi, asubuhi na jioni. Nikakiombea chakula mpaka ugali ukapoa. Nilimwuliza Mungu kama ananisikia, maana nilikuwa nimeacha kila nilichoambiwa niache.

Siku ya kliniki ikafika, na gari likaja. Mwanangu alikuwa amenifungia nguo zangu na blanketi ninalolipenda. Tukaenda kliniki. Muuguzi akanipima, na kabla hajasema niliona jibu usoni mwake. Ilikuwa juu kuliko mara ya kwanza. Mwanangu aliinuka, akasema anakwenda kuwasha gari.

Muuguzi hakuniruhusu kuondoka. Alivuta kiti chake karibu na changu.

"Mama, usiniambie unakula nini," akasema. "Hayo nimeyasikia. Nataka unipikie chinsaga hapa, kwa mdomo tu. Anza na kuwasha moto."

Nilidhani ananitania ili nisilie. Lakini alikuwa anangoja. Basi nikaanza. Nawasha moto. Nachambua majani, natoa vijiti. Naosha maji mawili. Nainjika sufuria, maji yakichemka natia mboga, natia magadi, nafunika.

"Rudi hapo."

"Wapi?"

"Umetia nini?"

"Magadi. Ili zilainike na uchungu upungue."

"Kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa kiganja. Akaniuliza kama ni kila siku. Nikamwambia ni kila sufuria, na maharagwe pia, maana maharagwe bila magadi yanamaliza kuni.

Aliweka kalamu chini. Akanieleza taratibu kwamba kile kitu ndani ya chumvi kinachopandisha presha kimo pia ndani ya magadi, ingawa ulimi hauonji chumvi. Kadiri nilivyopika mboga nyingi, ndivyo nilivyokula magadi mengi.

Ninyi mnaotikisa vichwa huko nyuma, ngojeni kwanza. Mama mkwe wangu alinifundisha kupika hivyo wiki niliyoolewa. Mimi sikuyahesabu magadi kuwa chakula. Wewe ukiulizwa umekula nini, utasema umekula kuni? Muuguzi aliuliza chumvi, mwanangu aliuliza chumvi, akina mama wa Magwagwa walileta majani mabichi wakajua kazi yao imekwisha. Sote tulikuwa tunasema kweli. Na mimi kila siku nilikuwa nakiombea chungu, magadi yamo ndani.

Mwanangu aliporudi kunichukua, muuguzi alimweleza. Alisema hawezi kuapa kwamba ni magadi peke yake, lakini anaomba tungoje mpaka kliniki nyingine. Mwanangu alisimama pale mlangoni na funguo mkononi.

"Na akianguka tena?" akauliza.

Nikamjibu mimi. "Baba, ikipanda tena, utanichukua na sitabisha hata neno moja. Ikishuka, utaniacha nizeeke kwangu."

Alizitia funguo mfukoni. Kisha akainamisha kichwa, akasema sawa, mama.

Tuliporudi nyumbani hakuingia ndani kwanza. Alipita katikati ya chai mpaka kwa jirani yangu, akaomba msamaha amesimama uani, mwanamume mzima na viatu vyake vya Nairobi. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Kijana, kama ningetaka kumuua mama yako, ningemwacha kwenye chai." Halafu akamkaribisha chai ya maziwa, na mwanangu, aliyenikataza kula nyumba za watu, akainywa yote.

Msidhani mambo yalikuwa rahisi. Chinsaga ya kwanza bila magadi niliitafuna kama kamba, na uchungu wake ulinifuata mpaka usiku. Nilitaka kuimwaga. Nikawatumia ujumbe akina mama wa Magwagwa, nao wakabadilisha: wakawa wananichumia vile vichwa vichanga tu, asubuhi ile ile ya kuleta. Nilichemsha mboga nikamwaga maji ya kwanza, nikatia maziwa, nikaziacha zikae, na malimau yakafanya kazi yake. Maharagwe nikawa naloweka jioni. Jirani yangu akaanza kuja kuonja. Siku ya kwanza alikunja uso. Baadaye akawa anakuja na bakuli lake.

Kliniki iliyofuata, presha ilikuwa imeshuka. Haikushuka yote, ila muuguzi alicheka kabla ya kuniambia. Ile ya baadaye ikashuka zaidi. Dawa zangu bado nameza kila asubuhi, na mtu asitoke hapa akasema yule mama alisema uache dawa. Sikusema. Gari la mwanangu limerudi Nairobi mara nyingi tangu hapo, na mimi nabaki nikimpungia mkono.

Namshukuru Mungu, ambaye nilidhani amenyamaza, kumbe alikuwa anangoja mtu aulize swali. Namshukuru muuguzi yule aliyekubali kukaa mpaka nipike. Nawashukuru akina mama wa Magwagwa, na mzee wa pikipiki anayenyeshewa kwa ajili yangu. Namshukuru mkwe wangu aliyetafuta msaada akiwa mbali. Namshukuru jirani yangu, aliyekosewa akasamehe. Na mwanangu namshukuru kwa hofu yake, maana ilikuwa upendo tu uliokosa pa kukaa.

Ninalowaachia ni dogo. Ukimpelekea mgonjwa chakula, usiishie mlangoni. Ingia jikoni, kaa kwenye kigoda, mtazame akipika. Na wewe uliye mgonjwa, mweleze daktari hata lile unaloliona si kitu.

Baada ya sala ya kufunga, wote wenye presha naomba tubaki kidogo hapa mbele. Sitawauliza mnakula nini. Kila mmoja atatupikia kwa mdomo, akianza na moto, na sisi tutasikiliza mpaka afunike sufuria.