Mwalimu Mkeka na Watoto wa Mlangoni

Baada ya kufundisha darasa letu la awali kwa miaka thelathini na mmoja, Mwalimu Mkeka anastaafu rasmi tarehe 28 Novemba. Sisi wenzake bado tunamtazama kwa jicho la pembeni. Si mtu wa kuondoka mahali kirahisi.

Alianza kazi akiwa binti, katika chumba kimoja kinachovuja. Kila mwaka, wiki za mwanzo hakufundisha chochote. Alikaa kwenye kigoda, kikombe cha chai mkononi, akitazama watoto wakicheza. Wazazi waliochungulia dirishani walinong'ona kwamba huyu analipwa kwa kunywa chai. Kisha akawapanga: wa nyimbo huku, wa picha kule ukutani, na wengine kwenye mkeka mlangoni. Hapo ndipo maneno yalipozidi, na jina la Mkeka likamganda. Ilisemekana mlangoni ndiko wanakotupwa wazito.

Miaka michache iliyopita mwanangu naye alipangwa mlangoni. Mimi ni msaidizi wa darasa hilohilo, lakini nilikuwa mgeni kazini na roho haikutulia. Ameona nini kwa mtoto wangu ambacho mimi mama sijakiona? Mama mkwe wangu hakujiuliza. Alikuja asubuhi, akamshika mjukuu wake mkono, akamkalisha benchi la mbele kabisa. Mwalimu akamwacha. Mtoto alikaa pale siku kadhaa, haimbi, hajibu, anakwaruza benchi kwa kucha.

Mama mkwe aliporudi kuona matunda, Mwalimu alimkaribisha kwenye mkeka wenyewe.

"Mama, sikumtupa," alimwambia. "Herufi kwa huyu haziingii masikioni, zinapitia vidoleni. Na sinia la mchanga liko mlangoni kwa sababu nikiliweka katikati, tutafagia mpaka jioni."

Akamshika mtoto kidole, wakachora herufi a mchangani, wakaifuta. Mara ya pili mtoto aliichora peke yake, akaitamka kwa sauti ambayo hata mimi nilikuwa sijaisikia shuleni. Bibi yake alitazama kama anayekagua samaki sokoni.

"Haya. Tutaona," akasema, akajitanda khanga.

Tumeona. Leo mtoto yuko darasa la tatu na ndiye anayemsomea bibi yake maandishi ya pakiti za dawa. Bibi humwita jirani asome tena, ahakikishe. Jirani hajapata kosa hata moja, na bado anaitwa.

Mdogo wake anaanza shule mwaka ujao, naye hatulii popote, si kwenye nyimbo wala mchangani. Nimemwomba Mwalimu aje nyumbani Jumamosi amtazame. Amekubali upesi mno, hata tunashuku huko kustaafu kwenyewe.

Mwalimu wetu, asante kwa kutotusikiliza sisi wazazi tuliposema mlangoni wanatupwa wazito. Pumzika, miguu ipate nafuu, na maisha yako mapya yawe ya heri. Ila Jumamosi tunakungoja.