Formati ya Sauti ya Magdaline

Benchi la Nasir liko Makina, Kibera, kando ya njia ya kwenda Ayany, na kazi yake ni kubeba watu wasio na kazi. Nasir anatuuzia kahawa ya tangawizi, sisi tunampa maoni ambayo hajawahi kuomba. Jumamosi moja ya Oktoba 1999, Khamala alikaa katikati yetu na diski ya kompyuta mapajani, ile ya nje ya kuchomekwa kwa waya, nene kama kamusi. Trizah alikuwa amempa asubuhi. Ndani mlikuwa na nyimbo nane za kwaya ya Kisumu Ndogo, hapahapa Kibera, zote zikiongozwa na mama yake Trizah, Magdaline, ambaye tulimsafirisha Malava kuzikwa mwezi wa sita. Mmishonari aliyezirekodi alisharudi kwao na kompyuta yake, hakuacha nakala nyingine. Trizah alitaka kaseti tu, ipigwe kesho kanisani kwenye kumbukumbu ya mama. Khamala alisomea kompyuta wiki tatu Kawangware, akaajiriwa kwenye duka la kuchapa barua, na tangu hapo tunamwita Profesa. Hajawahi kugundua kwamba ni dharau.

PROFESA: Hii kitu imenisumbua, maze. Nachomeka, mashine inaniambia diski haina formati. Halafu inaniuliza kama inaweza kuiformati.

SINDANO: Ukasema?

PROFESA: Nikasema ndio. Mashine ikikuuliza kwa heshima hivyo, utakataa? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sindano ni Kyalo, fundi wa redio. Huwa anafungua redio za watu zikiwa na shida moja na kuzifunga zikiwa na tatu.

SINDANO: Swali ni, ulipiga formati gani?

PROFESA: FAT thelathini na mbili.

WAZIRI: Umeharibu.

Waziri ni Mukhwana. Alikuwa tarishi kwenye wizara fulani miaka kumi na tano, na bado anaongea kama mtu anayesubiriwa na dereva.

WAZIRI: Formati ya watu wazima ni NTFS. Hiyo ndio ya serikali. Wizara yetu faili zote zilikuwa NTFS.

SINDANO: Wizara yenu ilikuwa na kompyuta?

WAZIRI: Kompyuta ya nini? Nilibeba hizo faili na hii mikono yangu. Unafikiri sijui uzito wa NTFS?

PROFESA: NTFS haiwezi funguka kwa mashine yetu, Waziri.

WAZIRI: Basi mashine yenu haina cheo. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Methali hiyo iliingia pale kama kuku kanisani, lakini Sindano aliitikia kwa kichwa.

SINDANO: Nyinyi wote hamjui. Shida ni mwaka elfu mbili. Desemba ikiisha, FAT zote zinarudi mwaka sifuri. Utaweka kaseti, usikie watu wakiimba kabla Yesu azaliwe.

PROFESA: Nani amekwambia?

SINDANO: Redio.

WAZIRI: Ile uliyotengeneza wewe?

SINDANO: Na kuna ingine. Sauti ya marehemu huwa nzito. Ukirekodi mtu akiwa hai halafu afe, hiyo faili inaongezeka kilo. Magdaline anataka formati ya kubeba. Damu ni nzito kuliko maji.

Hapo nilipaswa kunyamaza, maana nilijua wazi kwamba huu ni upuuzi. Sikunyamaza. Nilisema iliyo bora ni FAT kumi na sita, kwa sababu umri wa miaka kumi na sita haujui kuchoka. Sijui niliitoa wapi. Walinisikiliza kwa makini, jambo ambalo linaeleza benchi letu lilivyo.

NASIR: Kati yenu hakuna hata mmoja ana kompyuta.

PROFESA: Mkono mtupu haulambwi, Nasir. Wewe mimina kahawa.

Tukapiga kura. Pale kwetu, anayekubali huinua kikombe. FAT thelathini na mbili ilipata vikombe vitatu, kimoja kikiwa changu, kwa kuwa nilikuwa nimeshaisaliti kumi na sita. Waziri alikataa kuinua chake, akasema atakata rufaa.

PROFESA: Si niliwaambia? Na sasa imekubali poa kabisa. Inafunguka haraka, haijaumia. Gigabaiti nzima iko tupu.

Tukampongeza. Ndipo Trizah akatokea, ameshika kaseti mpya ambayo bado ilikuwa na nailoni yake.

TRIZAH: Sasa, wazee. Khamala, nimekuletea kaseti. Umefika wapi?

PROFESA: Kazi ngumu nimemaliza. Nimeiformati, na hawa wazee wamepitisha.

TRIZAH: Kuformati ndio nini?

PROFESA: Ni kuisafisha, mashine iijue. Ilikuwa inakataa juu ya kompyuta ya yule mmishonari, zake ni tofauti na zetu.

TRIZAH: Sawa. Na nyimbo za mama uliziweka wapi kwanza, ndio usafishe?

Waziri akaangalia njia ya Ayany, ambako hakukuwa na kitu. Sindano akaanza kukuna goti. Nasir aliweka birika chini polepole. Mimi nikachungulia kikombe nilichopigia kura.

TRIZAH: Ama ziko kwa ofisi?

Profesa aliigeuza diski, akaangalia upande wa chini.

TRIZAH: Hakuna haraka. Nisongeeni kidogo nikae, nitangoja.

Tukasonga. Akakaa kati yangu na Profesa, akaanza kubandua nailoni ya kaseti kwa ukucha.