Bwana Lini: Marehemu Wenceslaus Lugembe, 1901–1957

Marehemu baba yetu mkubwa, Wenceslaus Lugembe, alizaliwa mwaka 1901 karibu na Usinge. Alisoma shule ya misheni mjini Tabora, na mwaka 1921 akaajiriwa na serikali kuwa karani mkalimani. Tarehe 9 Juni 1925 alifunga ndoa na Eustadia, binti wa Mama Tekla, aliyelima mpunga mbugani.

Machi 1934 alifuatana na mpima ardhi Mzungu aliyekuja kuweka mpaka wa msitu wa hifadhi ng'ambo ya mto. Wazee walisema kwa Kinyamwezi, "Msitu wenu uishie pale maji yanapoishia." Marehemu akatafsiri hivyo hivyo. Mvua zilikuwa zimejaza mbuga yote. Mzungu akatazama maji yaliyomfikia miguuni, akapigilia kigingi hapo. Kumbe wazee walikusudia kidimbwi cha mwisho kinachobaki Oktoba, nusu maili mbele. Katikati yalikuwa majaruba ya mpunga ya kaya kumi na nne, ya Mama Tekla yakiwemo.

Kilimo ndani ya mpaka huo kilipopigwa marufuku, marehemu alikwenda kwa mkwewe kuomba radhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Kwa hiyo wewe msomi uliuliza 'wapi' tu. 'Lini' hukuuliza?"

Jina likamganda. Hata sokoni walimwita, "Bwana Lini, maji yanaishia lini?" Alicheka nao. Lakini tangu siku ile hakula wali tena, hata siku ya Krismasi.

Mwaka 1935 aliacha kazi, akalima mihogo. Kila Oktoba alikwenda kidimbwini, akaandika tarehe na mahali maji yalipoishia, kisha akapeleka barua bomani. Barua zilikuwa ishirini na mbili. Alijibiwa mara moja tu: ramani haina masika wala kiangazi.

Julai 1957 alishikwa na ugonjwa wa mapafu. Alitibiwa Tabora, akarudishwa nyumbani. Asubuhi ya tarehe 11 Oktoba alimwuliza mkewe, "Maji yameishia wapi?"

"Kidimbwini, Baba Anselm. Palepale."

"Umeona kwa macho yako?"

"Nimetoka huko sasa hivi. Miguu yangu hii, ina tope."

"Basi andikeni."

Alifariki saa tano.

Ameacha mjane, watoto wanne, Anselm, Katarina, Sylvester na Leonia, na wajukuu tisa. Barua ya ishirini na tatu imeandikwa jana. Katarina ataipeleka bomani kesho.

Bwana ampe pumziko lenye amani.